Diski Iliyoponea Chini ya Nyundo

Soma mpaka mwisho, halafu mtumie yule ndugu yako mwepesi wa kusema "hicho kimeshakufa, tupa."

Kulikuwa na mwalimu wa kwaya huko Tukuyu, anaitwa Kasyupa. Jamani, yule mzee alikuwa na sauti! Akiimba kanisani mabati yanatikisika, na ng'ombe wa ng'ambo ya mto wanaacha majani wanasikiliza. Siongezi chumvi.

Basi akaugua koo, akapasuliwa. Akapona, ila sauti ikaondoka. Akabaki wa kunong'ona tu. Nyimbo alizotunga na kurekodi kwa sauti yake maisha yake yote zikabaki sehemu moja, kwenye diski ya kompyuta yake. Kwingine hakuna.

Siku moja radi ikapiga, kompyuta ikaungua. Mwalimu akanunua mpya, isiyo na diski ndani, akaibeba pamoja na ile diski yake mpaka kwa fundi Ambakisye, pale sokoni.

Huyu Ambakisye ndiye fundi wa mji mzima. Ana maringo, akipita mpaka kuku wanampisha njia. Na ana utaratibu wake: diski iliyokufa anaivunja kwa nyundo mbele ya mwenyewe, mambo ya mtu yasije yakazagaa mtaani. Watu walimheshimu sana kwa hilo.

Akaifunga diski ya mwalimu kwenye kompyuta mpya, akachomeka flashi apige window, yaani aweke mfumo wa kuendesha kompyuta, bila kugusa nyimbo. Kioo kikaandika: hakuna diski. Akazima, akawasha. Hakuna diski. Akabadili waya. Hakuna.

"Mwalimu, pole sana. Radi imekula na diski."

Mwalimu akakaa chini puu, kama gunia la viazi. Ambakisye akaichomoa diski, akaiweka mezani, akanyanyua nyundo.

Mwalimu akamdaka mkono, akanong'ona kitu.

"Sikusikii, mzee wangu."

Mwalimu akamvuta sikio mpaka mdomoni kwake. "Weka nyingine kwanza. Nzima. Tuone."

"Aa, mwalimu! Sasa unanifundisha kazi? Haya, usije ukasema nimekunyima."

Akachana boksi la diski mpya kabisa, akaifunga.

Kioo kikaandika: hakuna diski.

Ambakisye akakodoa macho, akasogelea kioo.

"Na hii," mwalimu akanong'ona, "radi imeipigia ndani ya boksi?"

Ambakisye akaweka nyundo chini polepole. Jasho lilimtoka, ungeweza kufulia shuka. Kumbe diski zote mbili nzima! Kompyuta ile ilikuwa ya kisasa, na flashi ya zamani ya Ambakisye haikuwa na draiva, kile kiprogramu kinachouwezesha mfumo kuona mahali diski zinapochomekwa. Diski ipo, inazunguka, kipofu ni yule anayeitafuta.

Akaishusha draiva mtandaoni, kwa waliotengeneza ile kompyuta, akaitia kwenye flashi, akaanza upya. Hiyo hapo, diski imejitokeza! Mfumo akaupiga kwenye ile mpya. Ndipo akairudisha ya mwalimu, kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga.

Nyimbo zote zimo.

Wakafungua mmoja. Ile sauti ilivyotoka, soko zima likasimama, mama muuza ndizi akasahau chenji ya watu. Mwalimu analia, anacheka, anapiga makofi, vyote kwa pamoja.

Ambakisye peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia ndoo ya vipande pale kona, diski za watu alizozivunja.

"Mwalimu," akasema, "hizi nyingine... sijui ngapi zilikuwa hai."

Mwalimu akamvuta tena sikio.

"Kesho utawafuata wenyewe, ukawaombe radhi. Leo shika sauti ya besi kwenye wimbo huu."

Ambakisye akashika besi. Vibaya, lakini akashika.

Funzo: Kabla hujatangaza kwamba kitu kimekufa, hakikisha kwanza kwamba wewe unayekitazama unaona.