Mwanablogu Aliyekwepa Tope

"Mkwepa msaragambo, mgeni humsimulia mamaye." Mnacheka? Chekeni tu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu Upare, na mimi nilikuwepo, tope likinifika magotini.

Jirani yangu Naelijwa ana binti, jina lake Namsifu. Ndiyo kwanza alikuwa kafungua blogu. Gazeti moja la mkoani likatangaza kwamba linatafuta mwanablogu kijana limpe ukurasa wake kila wiki, na mwisho wa kutuma makala ni Jumapili. Namsifu aliutaka ukurasa ule mpaka chakula kikawa hakipiti. Shida ni moja, hakuwa na la kuandika. Mapishi, wenzake wameshaandika. Mapenzi, ndiyo usiseme. Kutwa kainamia simu, anatafuta wazo jipya kwenye blogu za watu.

Jumatano baragumu likalia. Likilia, kila mtu mwenye nguvu huenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Huo ndio msaragambo. Naelijwa akamwita binti yake, binti akajibu kichwa kinamuuma. Kichwa gani, na simu iko mkononi! Mama akabeba jembe, akaenda peke yake.

Aliyekuja ni mwalimu mgeni, Nandonde, kijana wa Lindi, ambaye hata shamba hana huku. Naye alikuwa na blogu changa. Kwetu tope huzolewa kwa hadithi, na anayezoa ana haki ya kuuliza. Akauliza kwa nini sehemu moja ya ukingo imejengwa kwa mawe na kwingine kote ni udongo. Tukamsimulia, naye akaenda kuandika.

Baada ya wiki mbili gazeti likatangaza kuwa ukurasa kaupata Nandonde. Namsifu akaja kwangu na simu yake, akanisomea makala yenyewe. Kwamba mwaka wa mvua kubwa ukingo wa ndiva ulitoboka, na chini yake kuna nyumba za watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akaingia majini, akaliziba tundu kwa mgongo wake, maji yakimfika kifuani, mtoto mchanga kamweka begani, akapiga yowe mpaka watu wakaja na mawe. Jina lake Naelijwa.

"Bibi, huyu ni mama yangu?"

"Ndiye."

"Na huyo mtoto?"

"Ni wewe."

Akakaa chini vumbini. Mimi mzee huyu nimeona watu wakipokea misiba, lakini sijaona mtu aliyeshtuka vile. Mgongo wa mama yake una kovu refu, binti amelisugua kwa sabuni miaka yote, na hata siku moja hajauliza limetoka wapi.

Nikamfuata mpaka jikoni kwao. Mama mtu alikuwa anamenya ndizi. Namsifu akamwuliza, huku analia, kwa nini mgeni aambiwe na yeye asiambiwe.

"Mambo yale tunasimuliana kwenye tope, mwanangu," Naelijwa akasema, kisu hakijasimama. "Kila mwaka nakuita."

Siku ile binti akaandika kwenye blogu yake mstari mmoja tu, na huo ndio wa kwanza ambao hakuuchukua kwa mtu: Mkwepa msaragambo, mgeni humsimulia mamaye.