Jiwe Lililobaki Chunguni

Kitendawili! Semeni "tega", basi. Wanaingia wakiniacha mlangoni, wakitoka wananichukua. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni jiwe. Leo mmemsikia baba yenu akisema, "Jiwe lililobaki lina mwenyewe," mkaniuliza neno hilo lilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika bonde kavu la Itumbulu, milima pande zote, watu walichimba shaba. Mwamba ulikuwa mgumu, kwa hiyo jioni, wote wakishatoka, waliwasha moto shimoni ili upasuke. Kila mchimbaji akiingia alitia kokoto katika chungu cha Mbeho, mjane aliyekaa mlangoni. Akitoka, alichukua moja. Chungu kikiwa kitupu, moto unawashwa.

Sasa, siku hiyo punda wa maji walifika baada ya siku tatu za kiu. Weee! Wachimbaji walitoka mbio kama siafu waliomwagiwa majivu. Chunguni likabaki jiwe moja.

"Jiwe hili la nani?" Mbeho akauliza.

Watu wanakunywa.

"La mwenye kiu," akacheka Chisena, msimamizi wa shimo, kijinga cha moto mkononi. "Shangazi, mtu amesahau tu. Ondoka, kuni zimeshapangwa."

Mbeho akaketi palepale mlangoni. "Jiwe halikuingia chunguni kwa miguu yake. Lililobaki lina mwenyewe."

"Au unataka likuoe?"

Watu wakaangua kicheko. Mbeho akangoja wamalize. "Nani hakuchukua lake? Ajitokeze, nami nitaondoka."

"Mimi nilichukua."

"Na mimi."

"Hata mimi, shangazi."

Mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kicheko kikakauka. Chisena akakitazama kijinga chake, akakizika mchangani.

Wakatoa kuni zote, wakashuka. Mbeho akainama, akaita shimoni kwa sauti yote aliyojaliwa: "Jiwe hili la nani?"

Kumbe ndani kabisa udongo ulikuwa umeporomoka, ukamfungia Ndahani, mgeni aliyeishi peke yake, asiye na mke wala mtoto wa kuuliza mbona hajarudi. Mtu wa kumwulizia hakuwa naye. Alikuwa na lile jiwe tu. Ndiyo maana mpaka leo tunasema, wajukuu wangu, jiwe lililobaki lina mwenyewe. Kwa sababu kutoka nyuma ya kifusi sauti nyembamba ilijibu:

"Langu, shangazi. Msilitupe."