Siku Jengo Litakapokamilika

Bwana Mahfudhi alinunua kiwanja katikati ya mji ili ajenge nyumba ya ghorofa kumi na mbili za kupangisha. Pembeni alimkuta Bi. Siwema akiuza maharage na chapati.

"Wewe mama masufuria, ondoka! Wapangaji wangu hawatavuta moshi wako."

"Na mafundi wako watakula wapi, tajiri? Niache mpaka jengo likamilike, kisha nitaondoka mwenyewe."

Bwana Mahfudhi alikubali, wakaandikiana hivyo mbele ya mjumbe wa mtaa.

Miaka miwili baadaye, mafundi walianza kukata nondo zilizochomoza juu ya ghorofa ya mwisho. Bi. Siwema alimpelekea tajiri chai.

"Kumbe umeishia hapo? Jirani yako wa ng'ambo ya barabara ameziacha nondo zake. Watu wanasema yeye bado anapanda, wewe pumzi zimekwisha."

"Mimi?" Bwana Mahfudhi aliwafokea mafundi. "Ziacheni hizo nondo! Waone kwamba bado napanda!"

Wapangaji walipohamia, alikuja na mjumbe.

"Jengo limekamilika. Haya, toka!"

Bi. Siwema aligeuza chapati yake, akaelekeza mwiko juu.

"Mjumbe, jengo lenye nondo kichwani limekamilika?"

Mjumbe alitazama juu. "Hilo bado linapanda."

"Basi azikate," alisema Bi. Siwema. "Jirani yake yuko pale roshani, anatazama."

Bwana Mahfudhi alimtazama jirani, akazitazama nondo zake, akarudi garini.