Kufuli la Mhunzi Dadi

Seremala Mbaruku alipoteza ufunguo wa sanduku lake la zana siku ile ile aliyotakiwa amalize kitanda cha bibi harusi. Kufuli alilitengeneza mhunzi Dadi, pande la mtu, naye alipoitwa alikuja na masharti yake.

"Nalifungua kwa mbuzi mmoja. Tena awe na mimba."

"Basi usisumbuke, fundi," Mbaruku alisema. "Mama mkwe wangu hulifungua kwa kijiti cha mshikaki."

Dadi alivimba kama andazi. "Kufuli langu? Kwa kijiti?"

"Tena huku anamung'unya ubuyu."

"Mwongo huyo!" Dadi alilikamata kufuli, akachomeka waya wake, akauzungusha mara tatu, kufuli likaachia. "Chungulia humu! Vyuma vitatu, kila kimoja na springi yake! Kijiti kitapita wapi?"

Mbaruku alichungulia, akatikisa kichwa. "Kweli, hakipiti," alisema, huku akitoa msumeno na randa sandukuni. "Kumbe yule mama amenidanganya."

"Kamwambie hivyo hivyo!" Dadi alinguruma, akaondoka kifua mbele.

Alikuwa amefika nusu ya njia alipokumbuka kwamba Mbaruku hajawahi kuoa.