Ngiri Aliyeingia Shimoni kwa Kichwa

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee, sasa mko macho. Zamani za kale, zile za mbali kabisa, ngiri walikuwa wakiishi shimoni kama leo. Na shimo la ngiri haliingiwi ovyo. Ngiri huingia kinyumenyume, makalio kwanza, kichwa mwisho. Kwa nini? Ili pembe zibaki mlangoni. Adui akija, akutane na pembe. Wewe unayecheka, ngoja, makalio yenyewe yanakuja.

Siku moja fisi wawili wakavamia. Walikuwa na marungu, wameyaiba kwa wachungaji. Pu! Pu! Pu! Mama Mashavu, ngiri mwenye watoto watatu, akachanganyikiwa. Akawasukuma watoto ndani, halafu akaingia yeye, kichwa kwanza! Makalio yakabaki nje. Fisi mkubwa akang'ata mkia, kwacha! Ukakatika.

"Huu wa kuonja tu," fisi akasema. "Tutarudi. Watoto wako tumewaona."

Mama Mashavu akalia siku nzima. Hakuulilia mkia, aliwalilia wanawe. Akaenda kwa Nguchiro, yule mnyama mdogo anayepigana na nyoka.

"Mwalimu, tusaidie. Kuingia kinyumenyume tunajua. Tukiogopa ndiyo tunasahau."

Nguchiro akaja. "Haya, nionyesheni."

Wakapanga mstari. Baba Mashavu akawahesabia kwa madaha. Moja, geuka! Mbili, rudi! Tatu, ingia! Safi kabisa.

"Hiyo ni ngoma ya harusi," Nguchiro akasema. "Fisi hatawahesabia moja, mbili, tatu."

Kesho yake ngiri wanakula, wametulia zao. Nguchiro akaruka kutoka kichakani, amejifunika ngozi kuukuu, anapiga debe. Kwang! Kwang! Kwang! "Mimi fisiiii!"

Loo! Mashavu akampanda mama yake mgongoni. Mdogo wake akaingia shimo la nungunungu, akatoka na miiba saba. Kitinda mimba akapiga magoti: "Shikamoo, fisi."

"Tena!" akasema Nguchiro.

Wakarudia. Wanaoga tope, debe! Wamesinzia, debe! Mvua inanyesha, debe! Mama Mashavu yuko katikati ya chafya, debe! Kila siku walitetemeka, na kila siku makosa yakapungua. Mwishowe wakishtuka tu, makalio yanageuka yenyewe.

Na Baba Mashavu je? Thubutu! "Mimi, mwenye pembe nne, nitishwe na nguchiro mwenye debe? Mzee mzima!" Akakaa juu ya kichuguu akigawa maksi. "Mke wangu, sita. Wewe wa miiba, mbili."

Basi siku hiyo wako malishoni, vichaka vikatikisika. Fisi wawili. Marungu. Debe hakuna. Moyo wa Mama Mashavu ukaenda mbio, lakini makalio, jamani, yalishageuka zamani! Watoto kinyumenyume, vup, vup, vup! Mama nyuma yao, vup! Pembe mlangoni.

Baba Mashavu akashuka kichuguuni anatabasamu. Akamwendea fisi mkubwa, akamvuta sharubu.

"Mwalimu, leo umejitahidi! Hata harufu umeipatia! Tisa juu ya kumi."

Fisi akainua rungu. Pu!

"Kumi!" Baba Mashavu akalia. "Kumi juu ya kumi!" Mbio! Akafika shimoni, akachomeka kichwa, akakwama.

Mama Mashavu akapiga kelele kutoka ndani: "Baba Mashavu, umegeuka?"

"Nimegeuka!"

"Mbona naona uso wako?"

Nje, pu! Pu! Pu! "Mke wangu, nakufa!" Watoto wakaanza kulia. Mama akavuta pumzi, akainamisha paji la uso, akasukuma. Alikuwa ameelekea nje, kwa hiyo nguvu zake zote zilikuwa mbele. Heeeya! Baba akachomoka, bwaa! Makalio yakamvaa fisi mkubwa usoni, naye akamwangukia mwenzake, marungu yakaruka kule. Walipofumbua macho, pembe za Mama Mashavu ziko puani mwao. Walikimbia bila hata kuulizana njia, na hawakurudi tena.

Baba Mashavu akala amesimama siku tatu. Siku ya nne, alfajiri, Nguchiro akamkuta wa kwanza kwenye mstari, majani ya dawa yamebandikwa huko nyuma.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "naomba unitishe."

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Kujua jambo ukiwa umetulia hakutoshi. Jizoeze ukiwa unatetemeka, ili siku ya hatari mwili ufanye hata kama akili imekimbia. Na usione aibu kufundishwa kwa sababu wewe ni mkubwa.

Hadithi yangu imefika nyumbani, na imeingia shimoni kinyumenyume.