Mtaa Wanukia, Chupa Tupu

"Mtaa wanukia, chupa tupu." Maneno hayo manne Raya aliambiwa asubuhi na Bi Shumbana, jirani yao, wakati yeye Raya akipita mbio na sinia la mchele kichwani na ndoo mkononi, akienda kusaidia harusi ambayo hata si ya kwao. Alirudi nyumbani amenuna. Wadogo zake walipoyasikia maneno yenyewe walicheka wakashika mbavu, kwa kuwa waliona dada yao kaambiwa hana kitu kichwani. Bibi yao, Bi Mgeni, alikuwa jamvini anachambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku. Yeye hakucheka.

"Kaeni hapa mchambue na mimi," akasema. "Aliyenuna na wanaocheka, wote hamjui mlichokisikia. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, ina siku yake na mwanamke wake. Ilianza hivi."

Hapo mtaani Mitondooni, zamani kidogo, wanawake kumi na wawili walikuwa na mtambo wa kupika mafuta ya maua ya langilangi. Msidhani ni mtambo wa kiwandani. Lilikuwa pipa kubwa juu ya mafiga, ndani maua na maji, chini moto. Mvuke ulipanda ukapita kwenye bomba, na bomba hilo lilizungushwa ndani ya pipa la pili, lenye maji ya baridi. Humo ndimo mvuke ulimopoa ukawa matone, yakadondoka kwenye chupa kubwa ya kioo, maji yakakaa chini na mafuta yakaelea juu. Mafuta hayo yalikuwa ya wote. Bibi harusi alipakwa, mzazi alikandwa nayo, na mtu aliyefiwa alitiwa tone kiganjani anuse, apate kulala.

Kwa desturi, mtambo ulikaliwa na watu wawili, mwenye moto na mwenye maji. Mwenye moto alisifiwa sana, maana jasho lake lilionekana. Mwenye maji alitia mkono pipani, akiona maji yamepata moto aliyabadilisha, kisha akakaa. Wapitao njia walimwona mvivu. Basi kila mtu alitaka kuwa mwenye moto, na aliyetaka kuliko wote alikuwa Kazija.

Kazija alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto wake wa kwanza, Sabiha, alikuwa na miezi miwili. Mumewe, Faki, alikuwa Unguja kwenye kazi ya ujenzi. Arobaini ya uzazi ilipokwisha tu, Kazija alijifunga kibwebwe akatoka. Alikuwa na neno moja ambalo watu walilijua kama wanavyojua jina lake: "Nitafanya mimi." Jirani akiwa na nazi za kukuna, nitafanya mimi. Kuna mgonjwa wa kupelekewa uji, nitafanya mimi. Watu wakamsifu, na sifa, wajukuu zangu, ni tamu, lakini haimshibishi mtu wala mtoto wake.

Siku moja alimpeleka Sabiha kliniki. Muuguzi alimpima mtoto, akatazama kadi, akampima tena.

"Haongezeki huyu," akasema. "Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Na wewe, unapata kupumzika?"

Kazija alicheka. Aliona ameulizwa jambo la watu wengine. Muuguzi hakucheka, akamwambia arudi baada ya wiki mbili, na kama uzito utakuwa uleule mtoto itabidi alazwe hospitali kubwa.

Njiani Kazija alimbana mtoto kifuani akaona jinsi alivyo mwepesi. Alijua tangu zamani, ila alikuwa hajataka kujua. Maziwa yalikuwa yanamkauka. Sabiha alivuta, akavuta, kisha akaachia na kulia kwa sauti nyembamba, na kilio kile kilimkata Kazija maini. Hakumwambia mtu. Badala yake alizidisha kazi, kwa sababu mikono ikitulia tu hofu ilikuwa inamkamata.

Ikafika siku ya maua ya mwisho ya msimu. Wanawake wote kumi na wawili waliyachuma alfajiri, kabla jua halijayachoma, wakayajaza pipani. Zamu ilikuwa ya Kazija, mwenye moto, na Bikombo, mwenye maji. Mara Bikombo akaja kuitwa, kuna hitma kwa mjomba wake.

"Nenda tu," Kazija akamwambia. "Nitafanya mimi."

"Na maji?"

"Na maji nitafanya mimi."

Bikombo akaenda. Kazija akabaki na moto, na pipa, na mtoto mgongoni, na kapu la muhogo wa jirani aliloahidi kulimenya. Mawazo yake yalikuwa kwenye kadi ya kliniki. Alitaka amalize upesi, basi akasukumia kuni, akaongeza nyingine, moto ukanguruma. Pipa la maji alilipitia mara moja, akasema nitarudi, akasahau.

Haikuchukua muda mrefu harufu ikatoka. Ilikuwa harufu ambayo Mitondooni haikuwahi kuipata. Iliingia majumbani, ikapanda mpaka barabarani, watoto wakaacha mchezo. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka kibarazani kwake, "Kazija, mashaallah! Leo mtaa unanukia!" Mwingine akadakia, "Mkono wa Kazija huo, si wa mchezo!" Kazija akatabasamu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijiona kuna jambo amelipatia.

Shangazi yake, Bi Mafunda, ndiye aliyeufundisha mtaa mzima kupika mafuta. Harufu ilimkuta nyumbani kwake, naye hakusifu. Alitupa kanga begani akaja, mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu na haraka. Hakwenda kwa Kazija. Alikwenda kwenye pipa la maji, akatia mkono, akautoa papo hapo na kuupuliza.

"Kazija, mwanangu," akasema, "mtaa wote wanukia."

"Ndiyo, shangazi. Wamenisifu hao!"

"Tazama chupa."

Kazija akainama. Kwenye mdomo wa bomba hapakuwa na matone. Mvuke mtupu ulikuwa unatoka, ukipanda na kutawanyika juu ya mapaa ya watu. Ndani ya chupa mlikuwa na maji kidogo, na juu yake utando wa mafuta usiotosha kujaza kijiko. Maua ya wanawake kumi na wawili, ya mwisho wa msimu, yalikuwa yameondoka na upepo.

"Nimewapotezea wenzangu," akasema. Akakaa chini. Sabiha akaamka, akalia. Kazija akamshusha mgongoni, akampa ziwa. Mtoto alivuta, akavuta, akaachia, akapiga kichwa nyuma na kulia ile sauti yake nyembamba. Hapo Kazija naye akaanza kulia, na alipoanza hakuweza kunyamaza.

"Hata huku hamna kitu, shangazi! Muuguzi kasema haongezeki. Wakimpima tena hivihivi watamlaza. Mwanangu ana njaa, na mimi sijui nifanye nini tena. Kila kitu nafanya!"

Bi Mafunda alijishusha taratibu mpaka akakaa naye mchangani. Akamtazama mtoto, akatazama pipa, akamtazama Kazija.

"Mtaa wanukia, chupa tupu," akasema. Aliyasema polepole, kama mtu anavyosema pole. "Masikini mwanangu. Moto unao, tena mwingi mno. Aliyekutilia maji ya baridi tangu ujifungue ni nani?"

Hakuwepo hata mmoja. Kila aliyetaka kumtilia alikuwa amemwambia, nitafanya mimi.

Wanawake walikusanyika. Kazija aliinamisha kichwa akingoja kusemwa. Bikombo ndiye aliyetangulia kuzungumza, amerudi mbio kutoka hitmani. "Kosa langu. Mimi ndiye niliyeacha maji." Mwenye muhogo akalichukua kapu lake, macho ameyainamisha kwa haya. Wakashauriana kidogo, kisha Bi Mafunda akayatenga yale mafuta machache, akayatia kwenye kichupa kidogo cha dawa, akaziba.

"Haya ni yako," akamwambia Kazija.

"Yangu vipi? Mimi ndiye niliyeyaharibu!"

"Ndiyo maana yakawa yako. Nyamaza."

Kesho yake baada ya alasiri Bi Mafunda alibisha hodi na birika la kahawa. Alimwekea Kazija miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akaikausha, akatia tone moja la langilangi katika mafuta ya nazi akamkanda nyayo. "Mtoto usimpake, haya ni makali kwa ngozi yake. Nusa viganja vyako, vuta pumzi, iteremshe. Polepole, hufukuzwi." Sharti lilikuwa moja. Kazija asiinuke mpaka shangazi yake amalize kahawa. Na Bi Mafunda, kwa vile vikombe vidogo, alikuwa hodari wa kuchelewesha kahawa kuliko mtu yeyote kisiwani Pemba.

Siku ya kwanza Kazija alikaa kama amekalia miiba. Ya pili alichungulia birika mara tatu. Ya tatu aliinuka, eti anafuata ufagio, akavutwa kanga akarudishwa. "Ufagio hautaki kunyonya," Bi Mafunda akamwambia. Siku hizo wanawake wengine waligawana kazi zake bila kumwuliza. Mmoja alileta uji, mwingine mchuzi wa pweza, Bikombo akateka maji kila asubuhi.

Msidhani mafuta yale yalikuwa dawa ya maziwa. Bi Mafunda mwenyewe alikataa. Alisema, "Tone hili kazi yake ni kukwambia kaa. Ukishakaa, Mungu ana njia zake." Lakini kila siku saa ileile, harufu ileile, mwili wa Kazija ulianza kuelewa. Siku ya tano mabega yalimshuka yenyewe kabla kichupa hakijafunguliwa. Siku ya saba alisinzia akiwa amekaa, mtoto kifuani.

Siku ya tisa alikuwa kibarazani, miguu imepakwa, kahawa haijafika nusu. Jirani akaita kutoka upande wa pili wa uzio, "Kazija! Njoo unikunie nazi mara moja!"

Kazija alifungua kinywa. Lile neno lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sabiha akalia kidogo ndani ya kanga, na Kazija akahisi kitu cha moto kinamshuka kifuani. Akatazama. Kanga yake imelowa.

"Nimekaa," akajibu.

Akampa mtoto ziwa. Sabiha alivuta mara moja, akashtuka, akakohoa kwa wingi wa alichokipata, kisha akatulia akawa anameza. Sauti ya kumeza ilisikika. Bi Mafunda alikiweka kikombe chini asiikose. Kazija alimsikiliza mwanawe akimeza, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

Kliniki muuguzi alimpima Sabiha, akatazama kadi, na safari hii hakumpima tena. Na tangu hapo Mitondooni hakuna aliyekubaliwa kushika moto bila mwenzake wa maji. Wakimwona mwanamke anakimbia huku na huku, kila mtu anamsifu na mwenyewe macho yameingia ndani, humsogelea wakamwambia maneno ya Bi Mafunda.

Bi Mgeni aliacha kuchambua.

"Raya," akasema, "Bi Shumbana hakukutukana. Amekuonea huruma mbele ya watu, hilo ndilo kosa lake. Umelala lini vizuri?"

Raya akatazama mlangoni. "Bibi, nimewaahidi kule harusini nitarudi saa tisa, kuna vyombo—"

"Vyombo wataosha hawa waliokucheka. Inukeni, nendeni!" Wadogo wakainuka wakaenda, wala hawakubisha. Bi Mgeni akajisogeza jamvini, akapiga paja lake kwa mkono. "Lete miguu."

Raya alisita kidogo, kisha akainyoosha miguu mapajani mwa bibi yake.

"Mtaa wanukia," Bi Mgeni akasema, akianza kumkanda.

"Chupa tupu," Raya akaitikia, na safari hii hakununa.