Sura ya Shaweji Iliyobaki Ndani ya Kamera

Mniwie radhi mapema, jamani, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nina tabia ya kucheka kabla sijafika penye kuchekesha, na humu nimepatafuta mahali hapo mpaka nimechoka. Anayetaka kuondoka aondoke sasa. Anayebaki asogee mbele.

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi za juzijuzi za kamera za filamu, katika mji mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwako mpiga picha, jina lake Shaweji. Alimpiga picha kila mtu. Bwana harusi alimpiga, hakimu alimpiga, na mwizi aliyekuwa anapelekwa kwa hakimu alimpiga pia, tena akamwambia akae wima. Yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja. Nani angempiga, na kamera anayo yeye?

Siku moja akakaa kwenye kiti cha wateja, akampa kamera mkewe, Bi Somoe. Akamwambia abonyeze, mkono usitetemeke. Bi Somoe akabonyeza. Picha ikapigwa, lakini alipojaribu kuisogeza filamu, kamera ikalia krak, ikakwama. Shaweji alicheka nusura aanguke. Akasema sura yake ni nzito, imevunja mtambo, ataitengeneza kesho. Kesho yake akaamka na homa. Wiki haikwisha, wakamzika.

Aliacha mjane, mtoto wa kunyonya asiyemjua baba, na kamera mbovu yenye sura yake ndani.

Bi Somoe akakaa eda, hatoki. Kaka yake, Kombo, akaja kumtazama, akamkuta ameipakata ile kamera.

"Dada, kamera mbovu hailishi mtoto," akamwambia. "Nakununulia mpya. Eda ikiisha, ufungue studio."

Akauza baiskeli yake, akanunua kamera mpya. Bi Somoe akashukuru, akasema hata hivyo ya zamani itengenezwe. Kombo akauliza ya nini tena? Bi Somoe akainama. Mwanamke amwambie kaka yake kwamba ana hamu na uso wa mume? Akaona haya, akanyamaza.

Ila wifi yake, Mwantumu, dada wa marehemu, huyo Bi Somoe alimnong'oneza: "Mwambie fundi asiifungue mwangani. Kaka yako yumo humo ndani."

Mwantumu akaibeba kifuani mpaka sokoni, kwa Fundi Makame. Njia nzima akiyarudia yale maneno asiyasahau. Hakuyasahau. Alipofika akaanza tu kutamka "kaka yangu", kilio kikampanda. Akalia mbele ya wanaume wa watu, akaona aibu, akaiweka kamera mezani, akasema itengenezwe, akajifunika mtandio akaondoka.

Fundi Makame alikuwa na desturi: kila aletaye kamera humuuliza kama ina filamu. Huyu hakumuuliza. Aliona si adabu kumsimamisha mfiwa sokoni kwa maswali. Baadaye akapita Kombo, akamwambia asijisumbue sana, ikimshinda aitoe vipuri, mpya imeshanunuliwa. Makame akaona basi, hii haina kitu. Chumba chake cha giza kilikuwa hapo hapo nyuma ya duka. Yeye akaifungua barazani, saa sita mchana.

Akaiona filamu. Akafunga upesi, lakini jua lilikuwa limeshaingia, limeshatazama, limeshamaliza.

Aliitengeneza kamera ikapona kabisa. Akaisafisha filamu gizani. Zile za mwanzo, zilizokwisha kuviringwa ndani, zilitoka: bwana harusi alitoka, hakimu alitoka, hata mwizi alitoka, amekaa wima vile vile alivyoambiwa. Ya mwisho ilitoka karatasi nyeupe. Haina hata kivuli.

Wakasimama watatu ukumbini, nje ya pazia la mjane, karatasi inapita mkono kwa mkono, wanagombea kuipeleka.

"Nipeni mimi," Kombo akasema. "Mimi ndiye niliyesema haina thamani."

"Wewe hukujua, shemeji," Mwantumu akajibu. "Mimi nilijua. Nilipewa maneno mawili nikayafikishe, nikayamezea machozi."

"Nyinyi mlikuwa mmefiwa," akasema Fundi Makame. "Mimi nilikuwa kazini. Kuuliza ni kazi yangu."

Pazia likasogea. Bi Somoe alikuwa amesikia yote. Mkono ukatoka, ukaichukua karatasi.

"Lawama msigawane, ni yangu," akasema. "Lau ningemwambia kaka yangu mwenyewe kwamba namtaka mume wangu, asingekwenda kumwambia fundi maneno yale. Nilimwonea haya mume wangu wa ndoa."

Kisha wakamsikia, ndani kule, akimwinua mtoto na kumwonyesha ile karatasi nyeupe. "Mtazame," akamwambia. "Baba yako huyo."

Sasa nawauliza nyinyi wenye akili zenu. Kaka aliidharau kamera kwa kumhurumia dada. Wifi alinyamaza kwa kilio. Fundi hakuuliza kwa adabu. Mjane hakusema kwa haya. Je, nani kati yao alistahili lawama?

Semeni basi. Wewe wa kule mwisho, hujui? Wewe je? Hata bibi harusi analia? Haya, lawama nipeni mimi, niliyepewa kipaza sauti niichangamshe harusi.